Saa Nzima Rajabu Alipiga Peke Yake

Maitu,

Sauti zenu nazisikia kutoka jikoni. Mama yako anasema Kisumu huwezi kupata sufuria nzito kama hii, nawe unamwambia Kisumu ni mji mzima una maduka. Sitaingilia. Mambo ya sufuria, neti ya mbu na nani wa kupigiwa simu ukiumwa na tumbo ameyamaliza yeye, na kama kuna moja alilosahau mimi siwezi kulikumbuka. Nimeketi hapa mezani na daftari la biashara, nimelifungua kwa nyuma ambako bado kuna kurasa safi, kwa sababu kuna neno nilikwambia Alhamisi na limekataa kunitoka kichwani.

Tangu uzaliwe nakuita Maitu, yaani mama, kwa kuwa umebeba jina la mama yangu, Nyokabi. Ubaya wake ni kwamba mtu hawezi kumkemea mama yake, kwa hivyo huu mwaka wa ishirini na nne nimeshindwa kukukatalia kitu uso kwa uso. Ndiyo sababu ya karatasi.

Alhamisi tulikuwa tunamenya viazi. Ukasema bila kuinua macho, "Baba, Mueni akikuuliza, mwambie naenda training ya wiki tatu." Nilijua vizuri kwamba mkataba wako wa maabara ni wa miaka miwili; niliusoma mwenyewe kwa miwani ya mama yako. Nilijua pia kwamba Mueni ndiye mwimbaji wenu na wewe ndiwe mwenye gitaa, na kwamba mwezi ujao bendi yenu ina siku yake jukwaani ambayo mmeingoja tangu mwaka jana. Na bado nikasema, "Sawa." Nikachukua kiazi kingine.

Hiyo "sawa" ndiyo ninayotaka kuirudisha. Lakini siwezi kuirudisha hivi hivi, ukabaki ukidhani baba yako amegeuka mtakatifu kati ya Alhamisi na leo. Kwanza nirekebishe hadithi moja niliyokudanganya tangu ukiwa mdogo.

Unaijua. Umeisikia mara nyingi kiasi kwamba ukiwa darasa la nne uliwasimulia wenzako na ukaongeza moto na polisi. Baba alikuwa na bendi ya kelele huko Thika, siku ya kurekodi ikafika, gari likaharibika Ruiru, nafasi ikapotea, bendi ikafa. Watu husikitika, mtu ananiongezea chai. Maitu, hakuna gari lililoharibika.

Miaka ya tisini, mwanzo mwanzo, nilikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha nguo Thika, na nilikuwa na nywele. Naelewa hilo la pili ni gumu kuamini kuliko yote nitakayoandika hapa. Nilizichoma kwa dawa ya saluni zikalala mpaka mabegani, na mama yangu, shosho yako, alipoziona mara ya kwanza aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nimeunguzwa na uji. Bendi yetu iliitwa Nyundo. Tulikuwa watatu: mimi gitaa, Mutiso besi, na Rajabu ngoma.

Rajabu alikuwa mtoto wa Majengo ya Thika, Mwislamu ambaye hata baba yake hakujua kabila lao la mwanzo ni lipi; ukiwauliza walisema tu wao ni watu wa Majengo. Alibeba magunia kwenye posho mill moja ya kusaga mahindi huko Kiandutu, na nyuma ya ile posho mill kulikuwa na chumba cha kuweka magunia matupu. Hicho ndicho kilichokuwa chuo chetu cha muziki. Muziki wenyewe, roki ya kelele, tuliupata kwenye kaseti sita alizoacha mwalimu mmoja wa kujitolea aliporudi kwao Ulaya. Maneno hatukuyaelewa. Nadhani hata waimbaji wenyewe walikuwa wanakisia. Lakini lile gitaa! Lilikuwa kama mtu anapasua mabati ya nyumba nzima kwa mpangilio. Nilimpelekea fundi wa redio kaseti moja na spika yangu, nikamwambia nataka ilie namna hiyo. Alisikiliza, akanitazama, akachukua wembe akaichana karatasi ya spika mistari mitatu. "Wengine huniletea nitengeneze," akasema. Ilitoka vile vile nilivyotaka.

Kanuni ya mazoezi ilikuwa moja: mashine ya kusaga ikinguruma, tunapiga, ikinyamaza, tunanyamaza, kwa sababu majirani walikuwa wengi na kuta ni mabati. Siku moja mkanda wa mashine ulikatika katikati ya wimbo nasi hatukujua. Mashine kimya, sisi tunaendelea. Mama mmoja aliyekuja na debe lake la mahindi akamwambia mwenye kinu, "Mzee, izime kabisa, hiyo mashine inakufa na uchungu." Rajabu alicheka mpaka akaanguka juu ya magunia. Kuanzia siku hiyo kila nilipokosea aliniambia, "Kim, mkanda umekatika."

Nikisema tulikuwa na furaha nitakuwa nimepunguza. Tuliwahi kupiga mbele ya watu kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuwa wamekimbia mvua. Tulitoka pale tukitembea kwa miguu mpaka Kiandutu kama watu waliotoka kushinda kombe. Rajabu alikuwa amebeba pipa la plastiki alilogeuza ngoma kubwa, analigonga kwa kiwiko njia nzima, watu wanatoka milangoni kuona kuna nini.

Sasa sehemu ambayo hujawahi kuisikia. Jumamosi jioni nilikuwa napiga gitaa kwenye nyama choma moja Witeithie, nimevaa kofia kubwa ya kauboi, nywele nimezifungia ndani. Peke yangu, nyimbo za mugithi, watu wameshikana mabega wanazunguka meza kama mabehewa. Jumapili asubuhi nilikuwa na kwaya ya kanisa letu la Kiuu. Na wiki yoyote yenye harusi au ruracio, siku ya kupeleka mahari, pande za Ruiru, ukiniita nakuja. Nilipenda. Ndiyo shida yenyewe, nilipenda. Gitaa lilikuwa lile lile, na mara moja nilisahau kukaza nyuzi tulizokuwa tukizilegeza ili zingurume; nilipoanza tu, mlevi mmoja wa Witeithie akaweka chupa chini akauliza, "Kijana, hilo gitaa limekunywa dawa ya homa?"

Mutiso na Rajabu hawakujua. Kwao nilikuwa nasema neno moja tu: "Niko shifti." Meneja wangu nilimfanya mkali kuliko mtu yeyote Thika, masikini, na kumbe alikuwa mzee wa kanisa asiyepandisha sauti hata akikanyagwa.

Na kwa nini nilificha? Kwa sababu ya mdomo wangu. Mimi ndiye niliyesimama juu ya gunia siku ya kwanza nikatangaza kwamba anayepiga harusini ni pambo kama maua, si mwanamuziki. Mutiso alikubali. Rajabu alinyamaza, akacheka kidogo. Ukishasema kitu kama hicho mbele ya watu unaowapenda, kukirudisha kunahitaji ushujaa, na ushujaa wangu wote ulikuwa umeishia kwenye nywele.

Basi Rajabu akapata mtu. Jamaa wa Nairobi mwenye mashine ya kurekodi, ambaye alikubali kuja Thika Jumamosi moja, kwenye ukumbi wa jamii, saa nane mchana kamili, kwa sababu saa kumi ukumbi ulikuwa wa kikundi cha akina mama. Nyimbo nne. Rajabu alimfuatilia miezi mitatu. Alipotuambia, alikuwa na unga kwenye kope za macho.

Jumamosi hiyo hiyo asubuhi nilikuwa nimeahidi ruracio. Mwalimu wa kwaya yetu alikuwa anapeleka mahari kwa kina msichana wake, Ruiru. Nikapiga hesabu za kijinga: saa nne langoni, saa tano tuko ndani, saa sita nimeaga, saa saba na nusu niko Thika nimevua kofia. Wewe umehudhuria ruracio ngapi? Ulishaona hata moja ambayo saa tano watu wako ndani?

Tulifika langoni saa tano na nusu, kwa sababu tata, yaani shangazi, wa bwana harusi alisahau leso. Lango limefungwa, kama desturi. Wanawake wa kwetu nje, wanawake wa kwao ndani, na nyimbo zinavuka juu ya mabati: nyinyi ni nani, mmetoka wapi, mmeleta nini, tutawajuaje. Kwa kawaida wa nje wanaimba, wa ndani wanakataa, wanaimba tena, wanachoka, komeo linafunguliwa. Lakini mara hii wa nje walikuwa na gitaa.

Maitu, nilipiga vizuri. Sijawahi kupiga vile tena. Kila tata alipomaliza ubeti nilimpokea, nikamrudishia na kitu juu yake. Wale wa ndani wakaanza kupiga vigelegele, na badala ya kufungua wakadai tena. "Hatujasikia! Rudieni!" Tukarudia. "Huyo wa gitaa ni wa nani? Aimbe na yeye!" Nikaimba. Kulikuwa na ufa kati ya lango na nguzo, na kwenye ufa kulikuwa na jicho moja lililokuwa linanitazama na kucheka. Jicho nililijua. Lilikuwa la sauti ya pili kwenye kwaya, na wewe unalijua pia, liko jikoni sasa hivi linakufungia sufuria. Msichana alikuwa rafiki yake, na mama yako ndiye aliyekuwa ameshika komeo. Mpaka leo anasema angefungua mapema, ila "huyo kijana alikuwa amependeza akitoka jasho."

Ikakaribia saa saba. Mjomba wa bwana harusi, mzee mpole mwenye fimbo, akanisogelea. Aliniona nikitazama saa.

"Kijana, una safari?"

"Nina kazi Thika, mzee. Saa nane."

"Basi enda. Hawa wamekuwa wakiimba bila gitaa tangu mimi sijazaliwa."

Soma hilo tena, kwa sababu hapo ndipo gari lilipoharibikia. Nilipewa ruhusa. Barabara ilikuwa pale, ningefika. Na nikamwambia, "Hapana mzee, wacha nimalize huu." Nikamaliza huo, na mwingine, na mwingine. Kwa mara ya kwanza maishani watu walikuwa wanacheza kwa sababu ya vidole vyangu na hakuna aliyeziba masikio. Nilijiambia Rajabu ataelewa, meneja ni mkali. Uongo wangu mwenyewe nikautumia kujifariji mimi mwenyewe. Lango lilifunguliwa saa nane kasoro robo, na bado nikaingia, nikala.

Nilifika Thika saa kumi. Akina mama walikuwa wanapanga viti. Mzee wa kutunza ukumbi akanitazama kuanzia viatuni mpaka kwenye ile kofia niliyosahau kuvua.

"Wewe ni wa wale wa kelele?"

Nikakubali.

"Wenzako wamekungoja sana. Yule wa mashine alitaka kufunga nyaya zake mapema, lakini yule Mwislamu alimzuia. Alipiga ngoma peke yake saa nzima, jasho mpaka kwenye viatu, ili yule mtu asiondoke. Kila akipumzika anamwambia, 'Anakuja huyo, ni meneja wake amemkatalia. Si mtu wa kuchelewa.'"

Maitu, niliketi kwenye ngazi za ule ukumbi. Kama angenitukana ningejua pa kushika. Lakini alikuwa amenitetea kwa maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno, na aliyaamini.

Kesho yake nilikuwa kanisani Kiuu. Katikati ya wimbo wa sadaka nikainua macho, nikamwona Rajabu amesimama nje ya mlango, kofia yake ya baraghashia kichwani, mikono mbele, anangoja kwa adabu kama mtu aliyekuja kwenye nyumba ya wenyewe. Binamu ya Mutiso alikuwa kwenye ile ruracio. Habari zilifika Majengo kabla ya chakula cha jioni. Nilipiga wimbo mpaka mwisho. Vidole vilienda vyenyewe. Ibada ilipoisha nikatoka.

"Niaje, Kim," akasema. "Shifti imeisha?"

Nikasema kitu kuhusu lango.

"Nimeambiwa ulipiga vizuri sana."

"Rajabu, nilidhani mtanicheka."

"Nikucheke kwa nini? Si mimi napiga dufu kila maulidi kwa mjomba wangu? Si nilipiga harusi ya dada yangu siku tatu? Nani alinicheka?" Akairekebisha baraghashia yake. "Wewe ndiye ulisema mpiga harusi ni maua. Mimi nikanyamaza, nikasema huyu ni beste yangu, atakua."

"Tutafute siku nyingine. Nitamwomba yule mtu wa mashine mwenyewe."

"Siku zipo, bwana. Shida ni mimi sasa. Ukiniambia uko mahali, nitaanza kujiuliza." Akanipa mkono, akamsalimia mama yako aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kitabu cha nyimbo, akaenda zake.

Hatukupiga tena. Hakukuwa na ugomvi, na hiyo ndiyo sehemu iliyonishangaza. Nilingoja ugomvi miezi mingi kama mtu aliye gizani anayengoja stima irudi. Mutiso alienda kwao Machakos. Mimi nikabaki na ile kazi ya pembeni mpaka ikawa ndiyo kazi: harusi, ruracio, kanisa, kisha gitaa likazaa spika, spika zikazaa hema, na hizo ndizo zilizokulipia karo. Siwezi kukaa hapa nikakwambia najuta kupiga pale langoni. Mama yako atasoma barua hii kabla yako, namjua. Najuta kitu kimoja tu, kwamba sikuwa nimesema.

Rajabu unamjua. Ulipokuwa unaenda shule ya bweni tulikununulia godoro Thika, kwa mzee mrefu mwenye ndevu za mvi. Ulimpenda kwa sababu alilifunga kwa kamba haraka, vidole vinacheza. Alikuuliza utasomea nini. Akanishukuru, akasema, "Karibu tena, mzee." Ulipotoka uliniuliza kwa nini nilikuwa kimya nikasema kichwa kinauma. Kila mwaka napita pale mara mbili tatu. Tunasalimiana vizuri, tunaulizana watoto, ananiagizia chai ya rangi. Vizuri kabisa. Hajaniita Kim tangu siku ile.

Sasa naona unakunja uso: Baba, yangu si kama yako. Kweli, si kama yangu. Wewe hujamcheka mtu yeyote, na kazi ya Kisumu umeipata kwa jasho lako. Uende, na mtu asikwambie vinginevyo, hata yule unayempenda. Na najua kwa nini hukumwambia. Umeogopa uso wake. Unaona ukimpa wiki tatu, halafu wiki tatu nyingine, mwisho atazoea bila wewe kuwa mbele yake akizoea. Mimi pia sikuwadanganya akina Rajabu kwa ubaya. Niliwadanganya ili nisiwapoteze. Pengine Mueni atakasirika, atatupa kitu, ana mkono mwepesi yule. Pengine atatafuta mpiga gitaa mwingine na itakuuma. Siwezi kukuahidi kwamba ukisema ukweli atabaki. Ninayemjua ni yule mtu anayebaki ukumbini akikutetea kwa maneno uliyompa. Mueni ni wa aina hiyo. Tayari ameanza. Jana alinipata dukani akaniambia wale wa tamasha wanataka kuwapa nafasi yenu watu wengine, naye amewaambia wasithubutu, Nyokabi anarudi baada ya wiki tatu. Nikaangalia mkate.

Kwa hivyo nimefanya jambo ambalo utanikasirikia. Nimempigia Mueni simu. Sijamwambia chochote, si langu kumwambia. Nimemwomba aje saa kumi na mbili asubuhi anywe chai nasi, na basi lako ni saa mbili. Mimi na mama yako tutakuwa nje tunafunga mizigo, na unajua nikifunga mzigo huwa nachukua muda, nafungua, naanza upya. Nyumba itakuwa yenu.

Lakini akinywa chai mpaka ikaisha, atoke nje aniulize mimi, sitasema wiki tatu.

Baba yako,
Kimani